Kijana wa miaka 14 asome nini?

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Binti yangu yuko kidato cha pili, na hadithi za sungura na fisi kazimaliza zamani. Nimezunguka maduka matatu nikimtafutia riwaya. Rafu zimejaa vitabu vya maswali na majibu ya mitihani. Muuzaji mmoja akanipa riwaya ya mapenzi. Nikaifungua katikati, nikaifunga upesi.

Nilichopata nilikiokota kwenye turubai la muuza vitabu vya mitumba: Kuli ya Adam Shafi, riwaya ya wabeba mizigo wa bandari ya Unguja na mgomo wao, iliyotoka 1979, jalada limegandishwa kwa gundi ya viatu. Binti kaisoma kwa tochi ya simu hadi chaji ikaisha. Asubuhi ananiuliza, eti babu naye alibeba mizigo bandarini? (Alibeba. Mkonge.) Sasa anataka habari zaidi za mgomo wa makuli wa Unguja wa 1948, nami sina cha kumpa.

Wachapishaji, riwaya kama hizi zirudisheni madukani, kwa bei ya fundi cherehani. Na jaladani mtuandikie kitabu kinamfaa mtoto wa umri gani, maana mimi siwezi kusoma kila kimoja nikiwa nimesimama dukani.

Mzazi,
Ngamiani, Tanga