Mheshimiwa Waziri, boti hujaa Sigunga, si Kibirizi

Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Kibirizi, Kigoma, huku mwisho wa reli. Mimi ni mama muuza mawese. Nanunua vijiji vya kusini, Herembe, Sigunga na Sunuka, nauza mjini, na kwa kazi hiyo nimekaa ndani ya boti za mbao siku nyingi kuliko nilizokaa darasani. Sina elimu ya meli. Nina jambo moja tu kuhusu leseni za boti hizo.

Tukiondoka Kibirizi mambo huwa sawa. Mkaguzi huja, huangalia cheti na leseni, huhesabu watu na majaketi okozi, majina yanaandikwa, nahodha anawasha mashine. Kwenda tunabeba unga, sukari, sabuni, kreti za soda, pengine mabati ya mtu anayejenga. Sijawahi kuogopa kwenda.

Kasheshe ni kurudi. Boti inaanzia mbali kusini, na kila kijiji kina watu wanaoingoja ufukweni tangu alfajiri. Gati zimejengwa Kagunga na kwingineko, tunashukuru, lakini kwingi bado tunapandia majini: maji ya magotini, wazee na watoto wanabebwa mgongoni, mzigo unapita kichwani. Hapo nani anahesabu? Mwaka juzi, mwezi wa saba, kusi likivuma, tulifika Sigunga boti imeshajaa, na bado ikapakia. Nahodha akasema, "Songeni kidogo, akina mama," tukasonga. Kutoka maji mpaka ukingo wa boti palibaki kiganja kimoja. Majaketi yalikuwepo, yamefungwa furushi moja chini ya madumu. Tulipoipita Sunuka wimbi likaingia, watu wakaanza kutosa mizigo. Madumu yangu tisa yalikwenda. Tulifika salama, tukashuka, kila mtu akashika njia yake.

Sitaji boti wala mwenyewe. Wala sijitoi lawamani: madumu yale nilimbembeleza karani ayapokee, baada ya yeye kukataa mara mbili.

Hebu tupige hesabu kidogo, Mheshimiwa. Dumu la lita 20 la mawese lina kilo 18 hivi. Madumu 40 ni kilo 720, uzito wa watu wazima kumi na zaidi. Wafanyabiashara wanne tu tunayajaza hayo. Karani anahesabu vichwa, na dumu halina kichwa.

Mambo ya mwaka 1996 unayajua kuliko mimi. MV Bukoba ilitoka Bukoba, ikapita Kemondo ikaongeza watu na mizigo, na asubuhi ya Mei 21 ikazama ikiwa imekaribia Mwanza. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, ndiyo maana hadi leo waliokufa wanatajwa kwa kukadiria. Septemba 20, 2018, MV Nyerere, kivuko cha watu 101, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara. Walikufa watu 228, zaidi ya mara mbili ya uwezo wake. Hivyo vilikuwa vyombo vya serikali, vyenye tiketi na gati. Sisi tuna ufukwe, juu ya Ziwa Tanganyika lenye kina cha mita 1,470.

Sidai sheria mpya. Ile ya mwaka 2017 iliyounda TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, imeshawapa kazi ya kusimamia usalama wa vyombo vya majini. Ninachoomba ni leseni ya boti ya abiria itaje vijiji ambavyo boti itasimama, na kila kijiji kigawiwe nafasi zake za watu na za mizigo. Mtendaji wa kijiji, au BMU, kikundi cha wanakijiji ambacho tayari kinasimamia uvuvi pale pale ufukweni, ashike daftari la majina. Boti isinyanyue nanga kabla haijaacha nakala. Na ubavuni upakwe mstari wa rangi, mstari ukizama safari haipo. Uingereza waliulazimisha mstari huo kwa meli zao tangu 1876; sisi rangi tunayo hapa hapa madukani. Mtoto wa darasa la pili ataweza kuusoma, na bibi yangu ambaye hakusoma kabisa ataweza pia.

Tafadhali, msitutumie operesheni. Boti moja ikifungiwa wiki nzima, watu hawabaki nyumbani: wanapanda mtumbwi wa dagaa usiku, usio na leseni ya abiria wala jaketi hata moja. Mwenye mgonjwa hangoji boti ya keshokutwa. Kwa hiyo leseni zitoke na ratiba, boti zipishane siku, ili anayeambiwa "imejaa" ajue nyingine inakuja lini. Mimi mwenyewe nisingembembeleza yule karani kama ningejua kuna boti kesho yake. Wenye boti watasema nauli haitatosha mafuta. Huenda ni kweli. Wasikilizwe, ila wasikilizwe nasi tukiwa tumekaa hapo hapo.

Ukija Kigoma, Mheshimiwa, usiandaliwe boti ya kukagua pale Kibirizi, iliyooshwa na kupakwa rangi. Shuka kusini kwa njia yoyote utakayopata, kisha urudi nasi, bila msafara, siku ya mzigo. Nitakushikia nafasi upande wa majaketi.

Wako mtiifu,
Mama muuza mawese,
Kibirizi, Kigoma