Yule muuza vitambaa wa Delft mbona mmemruka?

Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi habari za kazi. Naomba kanafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku.

Mimi ni muuza vitenge hapa Makoroboi, Mwanza. Gazeti lenu nalinunua siku nyingi tu, ila ukurasa ninaoulalamikia sikuusoma siku ulipotoka, niliusoma kesho yake ukiwa umefungia vitumbua, kwa hiyo kona ya chini mafuta yalikuwa yameshakula maneno. Kama jibu langu lilikuwa pale kwenye mafuta basi nisameheni, barua hii tupeni kapuni yaishe.

Ulikuwa ule ukurasa wa wanafunzi, mambo makubwa ya dunia karne ya 17. Mpwa wangu yuko kidato cha pili, jioni akitoka shule anapitia dukani kunisaidia kukunja, basi tukausoma wote. Galileo yupo, mwaka 1610 anaona kwa darubini miezi minne inaizunguka sayari ya Mshtarii, afu 1633 anaburuzwa mbele ya baraza la kanisa kule Roma akane kwamba dunia inazunguka jua. Newton yupo na tofaa lake. Vita ya miaka 30 ya Ulaya ipo, mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza kukatwa kichwa 1649 ipo, utawala wa Ming kuanguka China 1644 ipo, Shah Jahan anamjengea marehemu mkewe Taj Mahal yupo. Sawa, sina ugomvi na hata mmoja. Ila nimetafuta juu chini yule muuza vitambaa wa Delft kule Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, hayupo! Jina lenyewe gumu nakubali, mpwa wangu kaamua kumwita Mzee Antoni na mimi nitaendelea hivyohivyo.

Sasa msije mkasema natetea wa kazi moja. Kidogo ni kweli, lakini nisikilizeni kwanza.

Huyu mzee alizaliwa 1632, baba yake alikuwa msuka vikapu. Akiwa na miaka 16 alipelekwa Amsterdam kujifunza biashara ya nguo, 1654 akarudi kwao Delft akafungua duka. Chuo kikuu hakukanyaga, Kilatini hakijui, na enzi zile msomi wa Ulaya kama huandiki Kilatini hakuoni kama mtu. Wafanyabiashara wa nguo kule walikuwa na kioo cha kukuzia, unakiweka juu ya kitambaa unaangalia nyuzi zimebanana vipi. Sisi hapa tunapima kwa vidole na jua. Unashika ukingo wa kitenge unausugua kati ya dole gumba na cha shahada, afu unakiinua kwenye mwanga, kama unamuona mteja upande wa pili hadi rangi ya shati lake basi hiyo siyo waksi mama, hilo ni chujio la chai. Yeye hakuridhika na kioo cha dukani, akaanza kutengeneza vya kwake mwenyewe, lenzi nyingine ndogo kama punje ya ulezi, anaibana katikati ya vibati viwili vyenye kitobo, nyuma kuna kisindano cha kushikia kitu anachotaka kukiona, na skrubu ya kukisogeza mbele nyuma. Chombo chote kinaenea kiganjani. Unakileta karibu na jicho mpaka kope ziguse. Katika vichache vilivyobaki mpaka leo kipo kinachokuza kama mara 270, na maisha yake yote alitengeneza lenzi zaidi ya 500. Namna alivyokuwa anatengeneza zile bora kabisa akafa nayo rohoni, hakumwambia mtu. Kwenye hilo ndo nikajua kweli alikuwa mfanyabiashara.

Kilichonifanya nishike kalamu ni ziwa. Mwaka 1674 alipita kwenye ziwa moja karibu na kwao linaitwa Berkelse Mere, akakuta maji ambayo kipindi cha baridi yalikuwa safi sasa yamegeuka, yana weupe weupe na viwingu vya kijani vinaelea. Watu wa pale walikuwa na maelezo yao, kwamba inaletwa na umande. Mhariri, njoo huku kwetu ghuba ya Mwanza kipindi ambacho maji yametulia uone kile kijani kinavyojipaka kwenye mawe na kwenye ubavu wa mitumbwi kama mtu kamwaga rangi, uulize watu kumi kinatoka wapi, utapewa majibu kumi na moja. Bibi yangu Sengerema yeye alikuwa anakipangua kwa mkono, kushoto kulia, afu anachota chini yake anasema maji yenyewe haya hapa. Tukanywa na tukakua, waliokua.

Mzee Antoni alichota kachupa, akaenda nako nyumbani, kesho yake akaweka tone kwenye kile kichombo akachungulia. Akaona vinyuzi vya kijani vimejisokota mzunguko mzunguko kwa mpangilio, unene wake kama unywele wa kichwani. Na katikati yake vilikuwepo viumbe vinaogelea, vinapanda vinashuka vinageuka, vingine vidogo zaidi ya mara elfu kuliko vidudu vidogo kabisa alivyowahi kuviona kwenye unga. Kabla yake hakuna mtu aliyeacha maandishi ya kuonyesha ameviona viumbe vya namna ile majini. Watu wameoga humo, wamevua, wamekunywa, wameombea, hakuna aliyejua yuko na nani. Na mtaniruhusu niseme, lile ziwa watu walikuwa wanaishi pembeni yake miaka na miaka na hakuna aliyesema Antoni amegundua ziwa, wakati sisi hapa Mwanza mpaka leo mtoto anakaririshwa kwamba Speke alikuja 1858 akagundua ziwa ambalo watu walikuwa ndani wanavua.

Miaka miwili baadaye akaja na lingine. Alitaka kujua pilipili manga inawasha kwa nini, yeye alidhani labda ina vimiiba, akaloweka pilipili kwenye maji akaiacha kama wiki tatu. Alipochungulia miiba hakuna, amekuta vidudu vingine vidogo zaidi, na hivyo ndo wataalamu wanasema vilikuwa bakteria. Barua yake ya Oktoba 9, 1676 ndo imeeleza habari hiyo ya pilipili, aliipeleka London kwenye chama cha wanasayansi, Royal Society. Kule wakagoma kuamini, na kwa kweli ungekuwa wewe? Muuza nguo anakuandikia kwamba kwenye tone la maji mna umati. Robert Hooke, mmoja wao, ambaye 1665 alishatoa kitabu kizima cha picha za vitu vidogo na ndani yake kamchora kiroboto mkubwa kama paka, alijaribu mara ya kwanza hakuona kitu. Mzee Antoni akakusanya watu wazito wa mji wake wakiwemo wachungaji, wachungulie wenyewe afu waandike walichoona. Novemba 1677 Hooke akarudia akafanikiwa, akawaonyesha wenzake, kesi ikaisha.

Na huyo kiroboto nisimpite. Mwaka huohuo 1665 tauni iliwafagia watu wa London, karibu 70,000 waliandikwa kwenye hesabu za vifo, wakubwa wa mji wakaamuru mbwa na paka wauawe, wengine wanafukiza moshi wakijua ni hewa mbaya. Hiyo tauni ndo iliyofunga chuo Cambridge mpaka Newton akarudi kijijini kwao, huko ndo habari za tofaa. Kumbe mmoja wa watuhumiwa wakubwa wa kueneza tauni, huyohuyo kiroboto, amechorwa ukurasa mzima na kila unywele wa mguu wake, anauzwa madukani, hakuna aliyemshtukia.

Nirudi kwenye gazeti lenu. Afrika mmeipa mstari mmoja, Waholanzi kufika Cape, kule kusini kabisa mwa Afrika, 1652. Walifika Cape kufanya nini? Kupata maji, nyama na mboga za meli zinazokwenda na kurudi mashariki kufuata pilipili na viungo, maana kampuni yao iliyoanzishwa 1602 ilikuwa inaishi kwa hizo. Kwa hiyo pilipili ya Mzee Antoni na bahari yetu ni habari moja. Na kwenye bahari hiyohiyo mlikuwa na Fort Jesus ya Mombasa, mkaacha! Machi 1696 Waarabu wa Oman waliwazingira Wareno mle ngomeni, wakakaa nao mpaka Desemba 1698, miezi karibu 33. Ndani walikuwemo Wareno na Waswahili waliokimbilia humo na wake zao na watoto, na waliouawa na maradhi walikuwa wengi mno, mpaka ngome inaangushwa waliobaki ni wa kuhesabu kwa vidole. Mwaka huohuo 1698 Mzee Antoni, sasa ana miaka 65, alikuwa anamuonyesha Peter mfalme wa Urusi mkia wa samaki mkunga kwa kile kichombo chake, damu inavyopita kwenye vimishipa vyembamba kuliko unywele. Daktari Harvey wa Uingereza alishasema toka 1628 kwamba damu inazunguka, akina Malpighi wa Italia wakaja kuiona njia yake, mfalme sasa anaiona kwa jicho lake mwenyewe. Nilipomwambia mpwa wangu akanyamaza kidogo, akauliza hivyo vidudu vya majini Mombasa hawakuambiwa? Nikamwambia hata London wenyewe hawakujua kama vinaua. Viliangaliwa kama maajabu tu, karibu miaka 200 ikapita ndipo daktari Koch wa Ujerumani na wenzake wakaja kuonyesha kipindupindu kinaletwa na kimdudu gani.

Halafu kuna jambo la lugha, hili ndo limenikaa zaidi. Mzee Antoni aliandika kwa Kiholanzi cha dukani, Kiholanzi cha kuuzia nguo, barua karibu 200 kwa miaka 50, na watu wa London ndo walihangaika kumtafsiria. Hakusubiri ajifunze Kilatini kwanza. Kwenye barua ya 1683 anaeleza alivyokwangua utando wa meno yake na ya mzee mmoja ambaye hajawahi kusafisha kinywa toka azaliwe (fikiria), anasema hao vidudu ni wengi kuliko watu wa nchi nzima. Ukisoma unamsikia anavyoongea. Sasa huyu mpwa wangu anajua kabisa kueleza kwa nini kijani cha ziwani kinazidi upande wa mdomo wa mto, ametembea ameona, ananieleza huku anakunja jora, vizuri tu. Akifika darasani anaambiwa aseme kwa Kiingereza, anasimama anakaa. Mwalimu anaandika hajui.

Tumejaribu na sisi. Mpwa aliona mahali kwamba ukiweka tone dogo la maji kwenye kamera ya simu linageuka lenzi, nikajua ni utani. Tukageuza simu yangu uso chini, akachovya kijiti kwenye maji, akadondosha tone moja pale kwenye kamera lakini likatambaa, akafuta, la pili likakaa. Tukageuza taratibu kama mtu amebeba yai, tone likaning'inia halikudondoka, tukalishusha juu ya kitenge. Aisee. Nimeuza vitenge miaka 14 sijawahi kuona uzi umesimama kama kamba ya nanga, na rangi haijaingia ndani, imekaa juu juu kama vumbi, na kile kitenge nilikuwa nimemuuzia mama mmoja asubuhi nikimuapia hakichuji. Wadudu wa ziwani hatukuwaona, tulichota maji ya Kirumba pale mwaloni tukajaribu mara tatu, kalenzi kenyewe hakana nguvu hiyo, tumeona uchafu na gamba moja la dagaa ambalo mpwa alipiga kelele akidhani ni mdudu.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni dogo. Huo ukurasa wa wanafunzi mkiurudia muwekeni Mzee Antoni, nusu ukurasa inamtosha, na Fort Jesus muiwekee hata kapicha. Yule mama wa kitenge akiisoma hii apite dukani tuongee. Na kama kuna msomaji anajua dawa ya simu iliyoingia maji aniandikie kupitia kwenu, yangu iko kwenye gunia la mchele siku ya nne leo, inaita lakini ukipokea unasikia mtu kama yuko chini ya ziwa.

Muuza vitenge,
Makoroboi, Mwanza.