Vitabu vya hadithi za watoto vitumike kufundisha insha

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalojulikana na kila mwalimu wa Kiswahili anayesahihisha insha za Gredi ya 4 hadi ya 6, ingawa ni nadra kulisikia likijadiliwa hadharani. Chukua rundo la madaftari ya darasa moja, mada iwe ni safari, harusi, ajali au siku ya michezo, nawe utakuta wanafunzi wengi wamerauka majogoo, wakapiga mswaki, wakakoga, wakastaftahi kwa chai na mandazi, huku jua likichomoza mashariki na ndege wakiimba kwa sauti nyororo. Hata mtoto anayesimulia jinsi nyumba ya jirani ilivyoteketea usiku wa manane hutafuta mahali pa kuwaweka ndege hao. Sentensi hizo si zake. Amezikariri kutoka vitabu vya mwongozo wa insha, pamoja na orodha za methali, semi na tashbihi ambazo ameagizwa azitumie ili insha yake iwe na mapambo.

Siwalaumu watoto, wala siwalaumu walimu wenzangu. Kwa muda mrefu karatasi ya Insha katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Kenya, ilimpa mtahiniwa dakika 40 kupata alama 40, na mara nyingi mwanzo wa insha alikuwa ameshapewa auendeleze. Mwalimu aliyejua kwamba mtoto wake atasomwa na mtahini asiyemfahamu alimpa kile alichoamini kitamwokoa. Lakini KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na tathmini ya KPSEA ya Gredi ya 6, iliyoanza mwaka 2022, ni ya kuchagua majibu. Insha katika shule ya msingi imefunguliwa minyororo, nasi bado tunaifundisha kana kwamba mtahini yuko mlangoni.

Ninalopendekeza ni kwamba tuwafundishe watoto kuandika kwa kutumia vitabu vya hadithi vilivyoandikwa kwa ajili yao. Sisemi tu kwamba wavisome kwa wingi, jambo ambalo limeshasemwa na wengi na ni la kweli. Nasema kwamba mwalimu akifungue kitabu cha kurasa 16 au 24 mbele ya darasa na aulize swali ambalo hatuna desturi ya kuliuliza: huyu mwandishi amefanyaje? Maswali yetu ya ufahamu huishia kwa nani alikwenda wapi na hadithi inatufunza nini. Mtaala wetu unayo mada ya kusoma kwa mapana, ambapo mwanafunzi hujichagulia matini, na unayo mada ya kuandika, ambapo hufundishwa insha za masimulizi na za maelezo. Katika ratiba mada hizi hupangiwa vipindi tofauti, na mwanafunzi hapati kuona kwamba kitabu alichokifurahia juzi kiliandikwa na mtu aliyekabiliwa na matatizo yaleyale yanayomkabili yeye leo akiwa na daftari tupu.

Nianze na mwanzo wa hadithi, kwa kuwa hapo ndipo ndege wetu wa asubuhi hupenda kutua. Mwalimu achague vitabu vinne vya hadithi na asome sentensi mbili za kwanza tu za kila kimoja. Kimoja kitaanza na mtu anayesema jambo, kingine na mahali, kingine na tatizo ambalo tayari limezuka, na pengine kimoja kitaanza na hapo zamani za kale. Wanafunzi waseme kila mwanzo unawafanya watake kujua nini. Kisha kila mmoja aandike mwanzo wa habari yake mwenyewe, kwa mfano siku alipotumwa sokoni akapoteza pesa, kwa njia mbili kati ya zile nne, na achague ulio bora. Kipindi cha dakika 35 kinatosha. Nimeona watoto waliokuwa wakianza insha zote kwa kurauka wakianza kwa sentensi kama "Mfuko wangu ulikuwa na tundu," na darasa zima likanyamaza kusikiliza.

Jambo la pili ni sarufi ya usimulizi, na hapa naomba wasomaji wanivumilie kwa sababu ndipo penye faida kubwa. Wanafunzi wengi huandika: "Alitoka nyumbani. Alifika mtoni. Alikuta daraja limevunjika. Alirudi." Hakuna kosa la sarufi hata moja, lakini hadithi haitembei. Fungua kitabu chochote kizuri cha watoto na utaona kwamba mwandishi huweka kitenzi cha kwanza katika -li-, kisha huyaachia matukio yafuatane kwa -ka-: alitoka nyumbani, akafika mtoni, akakuta daraja limevunjika, akarudi. Anapotaka kutuonyesha jambo lililokuwa likiendelea wakati jingine linatokea, analeta -ki-. Anaporudi kwenye -li-, mara nyingi ni kwa sababu tukio jipya linaanza. Tumefundisha viambishi hivi kwa majedwali na mazoezi ya kujaza pengo, na watoto wetu hupata alama zote katika mazoezi hayo. Hawajui vina kazi gani katika hadithi, kwa kuwa hatujawaonyesha vikifanya kazi. Ukurasa mmoja wa kitabu cha hadithi, wakiupigia mistari vitenzi vyake kwa penseli, huwafunza zaidi ya jedwali.

Na tanakali za sauti je? Watoto wetu wanazijua kwa orodha: anguka majini chubwi, matopeni tapwi, mchangani tifu, sakafuni pu. Kwa vile wameambiwa kwamba zinaleta alama, huzimwaga zote katika aya moja, hata msomaji asijue mhusika ameangukia wapi. Mwandishi mzuri wa watoto hutumia kurasa kadhaa akitayarisha anguko, bila sauti yoyote, kisha anaandika chubwi mara moja tu. Wanafunzi wakiulizwa kwa nini hakuiweka mapema, hujibu wenyewe kwa usahihi kabisa. Hali ni hiyohiyo katika hisia. Mtoto huandika "nilihuzunika ghaya ya kuhuzunika" kwa kuwa ndiyo sentensi aliyopewa. Katika kitabu atakuta mhusika aliyesukuma sahani ya pilau kando na kutazama ukutani, na atagundua kwamba neno huzuni halikuhitajika.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuwafundisha watoto kuiga, na kwamba kuiga ni wizi wa kazi ya mtu. Hoja hii inastahili kujibiwa. Mtoto anayekariri sentensi ya mwongozo na kuihamishia katika daftari lake ndiye anayechukua maneno ya mtu mwingine, tena kwa idhini yetu. Mtoto anayetazama jinsi mwandishi alivyoanza na usemi wa mhusika, kisha akafunga kitabu na kuanza habari yake mwenyewe na usemi wa nyanya yake, amechukua mbinu, na mbinu hazina mwenyewe. Fasihi yetu imejengwa hivyo. Katika takhmisa, mshairi wa pwani huchukua beti za mtangulizi wake na kuongeza mishororo mitatu yake kwa kila miwili ya mwenziwe, na ni lazima aisikilize sauti ya yule wa kwanza kwa makini hadi mishororo mitano isomeke kama pumzi moja. Washairi wanaojibizana katika kurasa za magazeti hufuata bahari, yaani muundo wa shairi, ya wapinzani wao, na mara nyingi hata vina vyao. Hakuna aliyewahi kuwaita wezi. Kwa nini mtoto wa miaka kumi anyimwe njia ambayo magwiji walipitia?

Wengine watasema kwamba vitabu hivi ni vyepesi mno kwa Gredi ya 6. Wepesi wake ndio manufaa yake. Riwaya haisomeki yote katika kipindi kimoja, kwa hiyo mwanafunzi hawezi kuona mwanzo, kati na mwisho kwa pamoja. Hadithi fupi ya watoto humwezesha kuiona kazi nzima kwa mtazamo mmoja na kurudi ukurasa wa tano kuhakikisha alichokisema.

Sharti nikiri kwamba si kila kitabu kinafaa. Vipo vilivyotafsiriwa kwa haraka, vyenye sentensi ambazo hakuna Mswahili angezitamka, na vipo ambavyo mwandishi ameshindwa kusubiri na kuanza kuhubiri kabla hadithi haijaisha. Mwalimu avisome kwa sauti akiwa peke yake kabla ya kuvipeleka darasani, kwa maana sikio hutambua upesi sentensi isiyokaa vizuri.

Ugumu mkubwa zaidi ni upatikanaji. Tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikinunua vitabu vya kiada na kuvipeleka moja kwa moja shuleni, kwa shabaha ya kila mwanafunzi kuwa na chake, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Vitabu vya hadithi vimebaki mzigo wa mzazi, na mzazi huyo amekuwa akilipa ushuru wa VAT wa asilimia 16 juu ya vitabu tangu sheria ya mwaka 2013. Katika vijiji vingi vya kaunti yetu, shilingi za kitabu kimoja cha hadithi ni unga wa siku kadhaa. Hata hivyo njia zipo. Mradi wa African Storybook, unaoendeshwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi za Kiswahili zinazoruhusiwa kuchapwa na kunakiliwa bila malipo. Huduma ya Maktaba ya Taifa imewahi kuwafikishia wafugaji wa kaskazini mashariki vitabu kwa ngamia, kwa hiyo isiwe vigumu kuzifikia shule zilizo kando ya barabara ya lami. Wala mbinu hii haihitaji nakala 60 kwa wanafunzi 60. Nakala moja anayoisoma mwalimu, na aya moja iliyoandikwa ubaoni, zinatosha kuanzia.

Kwa hiyo naiomba Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, katika matoleo yajayo ya mwongozo wa mwalimu, ioanishe vipindi vya kusoma kwa mapana na vya insha, na kutoa mifano ya maswali ambayo mwalimu anaweza kuuliza juu ya ufundi wa mwandishi. Vyuo vya ualimu navyo viwape wanagenzi mazoezi ya kuchambua kitabu cha watoto kwa jicho la mwandishi, kwa kuwa mwalimu ambaye hakuwahi kufanya hivyo hawezi kuwaongoza wengine. Vilevile wazazi wanaonunua vitabu vya mwongozo wa insha kila muhula wafikirie kununua kitabu cha hadithi kwa pesa hizohizo.

Nawe Mhariri, nakuomba utenge nafasi ndogo katika kurasa za shule, mara moja kwa wiki, uchapishe aya ya kwanza ya insha ya mwanafunzi mmoja, kwa idhini ya mzazi na mwalimu wake, pamoja na sentensi chache za mwanafunzi huyo zikieleza ni mbinu gani aliyoiona katika kitabu na jinsi alivyoitumia. Shule yetu iko tayari kukutumia za kwanza.

Mwalimu wa Kiswahili, shule ya msingi ya umma,
Kaunti ya Kilifi