Wauza spika waandike desibeli, si wati pekee

Mhariri,

Marehemu baba alituachia amplifaya ya valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti) aina ya Leak Stereo 20, muundo uliotoka Uingereza mwaka wa 1958. Fundi wa hapa Kisumu alipomaliza kubadilisha kapasita zilizochoka, ilibaki kazi ya kutafuta spika ndogo za bei nafuu zinazotosha sebule yetu. Katika kutafuta huko nilipoteza pesa, na ndiyo sababu ninakuandikia.

Duka la kwanza liliniuzia spika mbili zilizobandikwa karatasi ya "wati 800". Nilipoweka benga, gita la kwanza, ambalo ndilo roho ya muziki huo, lilisikika kana kwamba linapigwa kwa jirani, na nilipoongeza sauti ikaanza kukwaruza. Amplifaya haikuwa na kosa. Valvu zake nne za EL84 hutoa takriban wati 10 kila upande, na zile wati zinazoandikwa kwenye spika ni kiasi ambacho spika inaelezwa kuwa inaweza kuhimili bila kuungua, wala hazimwambii mnunuzi itatoa sauti kubwa kiasi gani.

Jambo hilo huelezwa na desibeli, yaani ukubwa wa sauti ambayo spika hutoa ikipewa wati moja na kupimwa kutoka umbali wa mita moja. Kila desibeli 3 zinazopungua huidai amplifaya nguvu maradufu, kwa hivyo spika ya desibeli 84 itahitaji wati 40 ili kufikia sauti ambayo spika ya desibeli 90 hutoa kwa wati 10 tu. Mwenye amplifaya ya transista ya wati 100 huenda asilihisi pengo hilo, lakini sisi wenye valvu hatuna nguvu ya kulijazia.

Kuna pia suala la omu, yaani kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Transfoma inayopeleka sauti kwenye spika kwa kawaida huwa na miunganisho ya omu 4, 8 au 16, na spika inapaswa kulingana na muunganisho unaotumiwa. Isitoshe, amplifaya ya valvu isichezeshwe kamwe bila spika, kwa maana volteji hupanda ndani ya transfoma hiyo na inaweza kuiunguza.

Hatimaye nilipata spika za mitumba katika soko la Kibuye kwa shilingi 3,000: boksi za mbao, koni za karatasi za inchi 6, na nyuma yake pameandikwa omu 8 na desibeli 90. Kijana aliyeziuza aliniruhusu kuzikagua kabla ya kulipa. Niliibonyeza kila koni polepole kwa vidole vya mikono yote miwili, nikisikiliza kama koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, inakwaruza ndani. Nilipapasa ukingo wake, kwa sababu ukingo wa sponji huoza na kumeguka kama keki kavu, ilhali hizi zilikuwa na mpira ambao bado ulikuwa laini. Mita ya kupimia umeme ilisoma omu 6 na nukta kidogo, jambo la kawaida kwa spika ya omu 8. Besi yake si nzito, kwani boksi dogo lenye desibeli nyingi haliwezi kushuka chini sana, ila nilipozisogeza karibu na ukuta iliongezeka vya kutosha, na lile gita sasa liko hapa sebuleni pamoja nasi.

Ninawaomba waagizaji na wauzaji wa spika, wakubwa kwa wadogo, waandike desibeli na omu kando ya bei, na wamruhusu mnunuzi kusikiliza kabla ya kulipa. Kwa mwenzangu aliye na amplifaya kama hii, asitoe hata shilingi kabla ya kuonyeshwa tarakimu hizo mbili.

Msomaji wenu,
Kisumu