Risala ya Waokotaji na Watengenezaji Betri wa Kibuye, Kisumu, kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Bwana Chifu, wazee wa mtaa, wenzetu wa jua kali, mabibi na mabwana,

Karibu kwenye ufunguzi wa ghala letu. Ukiliona dogo, ujue mwaka jana lilikuwa turubai na mbao nne. Sakafu ya saruji unayoikanyaga ndiyo iliyokula akiba yetu, wala hatujuti. Sababu tutaieleza.

Tuko wanachama 23, na 14 kati yetu ni akina mama. Tulianza kwa kusukuma mkokoteni wa vyuma chakavu kutoka Kondele hadi Nyalenda, tukiitwa majina yasiyofaa kusomwa mbele ya mgeni. Siku hizo mkokoteni ulijaa sufuria zilizotoboka na vipande vya mabati. Sasa unajaa betri: za taa za sola, za bodaboda za umeme, za wavuvi wa omena. Wazee waliopo hapa wanalikumbuka ziwa likimulikwa na karabai usiku kucha. Leo ukisimama Dunga, taa nyingi uzionazo majini ni za betri, na kila betri ina siku yake ya kufa. Ikifa, hutufikia sisi.

Mheshimiwa, wageni wengi hutusifu kuwa watunza mazingira. Tunashukuru, ila sifa haipandi mizani. Sisi ni wachimba madini. Kobalti iliyomo kwenye baadhi ya betri hizi huchimbwa sana Kongo, inakotoka zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima. Lithiamu hutoka Australia na Chile. Shaba, au kopa kama tunavyoiita hapa Kibuye, ipo ya Zambia. Nyingi hupitia viwanda vya China ndipo zije Kisumu ndani ya taa ya mvuvi. Safari yote hiyo imeshalipiwa, kisha mtu anatupa betri jalalani pamoja na maganda ya ndizi.

Tazama betri iliyo mezani. Ililetwa wiki jana, mwenyewe akisema imekufa. Tuliipasua, tukakuta seli nane, yaani vibetri vidogo vilivyounganishwa ndani yake. Tukazichaji, tukaziacha siku tatu, tukazipima moja moja kwa mita. Sita zilisimama kwenye volti tatu na ushei. Moja ilishuka hadi volti moja, nyingine haikusoma kitu. Yaani mbili ndizo zilizowaua wenzao. Zile sita tumeziunga upya, nazo ndizo zinazowasha balbu iliyo juu ya kichwa chako sasa hivi. Hizo mbili zimo kwenye ndoo ya mchanga mkavu pale nje, kwa maana seli ya lithiamu ikitobolewa hutema moshi na moto, na kijana wetu mmoja alipoteza nyusi kabla hatujajifunza.

Betri ya maji, ile ya asidi kama ya gari, ina mambo yake. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi, na risasi huyeyushwa ikarudi kuwa betri, tena na tena. Tatizo ni kwamba mnunuzi hulipia risasi, halipii asidi. Basi muuzaji huimwaga mtaroni ili asibebe mzigo wa bure. Tusijitoe: hata sisi tuliimwaga. Mwenzetu mmoja ana kovu mguuni la siku hizo. Tulishtuka tuliposikia habari za Owino Uhuru kule Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliacha sumu ya risasi mtaani, hata mwaka 2020 mahakama ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Ndipo tukaanza kuweka akiba ya sakafu hii, ili asidi ikidondoka isizame ardhini. Tangu hapo tunanunua betri ikiwa na maji yake, yaani asidi, ndani. Iliyomwagwa tunaikata bei. Tunapoteza wateja, kwa sababu jirani yetu anainunua hata ikiwa kavu, bila swali.

Tuna daftari pia. Januari 2022 biashara ya vyuma chakavu ilipigwa marufuku nchini kwa ajili ya uharibifu wa nguzo za umeme, ikafunguliwa Mei. Miezi ile tulilala njaa pamoja na wezi ambao hatukuwajua. Sasa kila anayetuuzia huandika jina na nambari ya kitambulisho, hata akiwa shemeji wa katibu.

Maombi yetu hayahitaji fedha nyingi. Shule na zahanati zinapobadilisha betri za sola, zile kuukuu hunadiwa kwa anayetaja bei ya juu. Tunaomba kila mnunuzi aulizwe kwanza asidi ataipeleka wapi. Hapo jirani yetu naye atajenga sakafu. Tunaomba utushike mkono katika leseni, kwani tumezungushwa kati ya ofisi na ofisi hadi karani mmoja sasa anatuita kwa majina. La tatu ndilo zito: tuna ndoo tisa za seli zilizokufa kabisa. Hapa hatujapata wa kuzinunua, na peke yetu hatuwezi kujaza kontena la kuzisafirisha hadi kwenye kiwanda cha kutoa lithiamu na kobalti. Vikundi vya Nakuru, Kakamega na Kisii vikiunganishwa nasi, kontena litajaa.

Kabla hujakata utepe, tunaomba upime seli moja kwa mkono wako. Mita iko mezani. Ncha nyekundu iguse upande wa chanya.

Ni sisi, wanakikundi.