Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Klabu ya Jazz kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Morogoro, 2024/2025

Ndugu Wanachama, wazee wangu, mama zangu, na vijana mliotuunga mkono msimu huu: Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo. Itifaki imezingatiwa.

Kwa mujibu wa katiba yetu natakiwa kuwasomea taarifa ya mwaka kabla ya mjadala. Mengi mnayajua, kwa hiyo nitayapitia haraka. Januari tulifanya kumbukumbu ya mwanamuziki wetu marehemu Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi kama huo mwaka 1979. Tarehe 30 Aprili, Siku ya Kimataifa ya Jazz, tulikaa jioni nzima tukisikiliza santuri za wanachama. Tulichangia misiba minne na harusi moja. Kamati ya Utendaji ilikutana mara saba, na mara zote saba nilikuwepo. Vibali vya maonesho na malipo ya hakimiliki vilikamilika kabla ya msimu kuanza, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla sijashika nafasi hii.

Msimu wa kiangazi ulipangwa kuwa na maonesho 12, kila Jumamosi kuanzia 14 Juni hadi 30 Agosti. Yalifanyika 11. Usiku uliojaza kuliko yote ulikuwa 9 Agosti. Wageni wa maonesho ya wakulima ya Nane Nane walikuwa bado mjini, na timu yetu ya taifa, Taifa Stars, walikuwa wamewafunga Madagascar siku hiyo kwenye CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, watu wakaingia ukumbini wakiwa na jezi na furaha yao. Tulihesabu watu 187. Wapenzi kutoka Dar es Salaam nao wameongezeka tangu treni ya umeme ianze kufika kwetu mwaka jana, na wengi wao huuliza zilipofanyia kazi bendi za zamani za Cuban Marimba na Morogoro Jazz kabla hata ya kuuliza bei ya soda. Mji huu una jina, ndugu zangu. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alilijenga, Juma Kilaza akalishika, Mbaraka akalipeleka mbali, na mwaka 1970 Morogoro Jazz ikaiwakilisha nchi kwenye maonesho ya Osaka, Japani. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 11. Nakumbuka vizuri mtaa mzima ulivyozungumzia safari ile.

Sasa nije kwenye usiku wa 19 Julai.

Najua wengi mmekuja kwa ajili ya hilo. Najua pia yanayosemwa: kwamba mwenyekiti alifukuza bendi, aliaibisha klabu, alitupa fedha za wanachama, na aliamua peke yake kama vile ukumbi ni sebule yake. Nimeyavumilia kwa wiki kumi na moja bila kujibu. Leo naomba nisikilizwe hadi mwisho.

Tulikubaliana na bendi ile kwa maandishi, na karatasi anayo Katibu, yeyote anaweza kuiona. Ilitakiwa kuleta wanamuziki 11: waimbaji watatu, gitaa la solo, la rithimu na la besi, drams, tumba, tarumbeta mbili na saksafoni moja. Tuliwalipa kishika mkono, yaani malipo ya awali, cha shilingi 350,000. Saa mbili usiku ikashuka Noah moja na watu watano. Waimbaji wawili, mpiga solo, mpiga besi, na kijana wa kinanda aliyekuwa na flashi mfukoni. Nilipouliza wapulizaji wako wapi, kijana akanionesha ile flashi. Tarumbeta zimo humu, mzee. Drams nazo zimo humu.

Watu 126 walikuwa wameshaingia. Mjumbe mmoja wa Kamati alinishauri waache wapige, tutadaiana baadaye. Mwingine akasema watu wamekunywa, hawatajua tofauti. Kauli hii ya pili ndiyo iliyonifanya nipande jukwaani. Nilichukua kipaza sauti, nikawaeleza waliokuwepo hali ilivyo, nikaomba radhi kwa niaba ya klabu, na tukarudisha kiingilio chote pale pale mlangoni: shilingi 860,000 kwa wageni 86 na shilingi 200,000 kwa wanachama 40. Hakuna aliyeondoka akiwa amepungukiwa hata senti. Tulichopoteza ni kishika mkono na pango la ukumbi la usiku ule, shilingi 275,000. Jumla ni shilingi 625,000. Simfichi mtu.

Kwa nini niliamua hivyo? Wapo vijana wanaodhani ni ukaidi wa mzee. Naomba niwaeleze jambo ambalo mtu aliyekulia nje ya ukumbi wa dansi hawezi kulijua kwa kusikiliza redio tu. Sisi watoto wa mji huu hatukuwa na kiingilio. Tulipiga chabo kwenye matundu ya ukuta. Kutoka pale tundu linapokuruhusu kuona, huwaoni waimbaji vizuri. Unaona miguu ya wachezaji na unaona wapulizaji wamekaa pembeni wakisubiri. Wimbo unaanza taratibu, mwimbaji anasimulia habari yake, magitaa matatu yanasukana. Halafu unachemka. Hapo wapulizaji wanasimama. Na kila mara niliona jambo lile lile: kabla ya kupuliza wanaangalia chini, wanaangalia watu. Wachezaji wakiwa wamekolea, saksafoni inaita, tarumbeta zinajibu, wanazungushana hivyo hivyo hata dakika kumi, na mpiga solo anasubiri ishara ndipo ashuke. Wachezaji wakiwa wamechoka, wanafupisha. Ule wimbo mnaoujua kwenye santuri kwa dakika tatu, ukumbini haukuwa na urefu maalumu. Urefu wake mliuamua ninyi kwa miguu yenu.

Flashi haimwoni mtu. Tarumbeta zilizorekodiwa zinaingia pale zilipopangiwa kuingia na zinakata pale zilipopangiwa kukata, hata kama mama mmoja amepata mzuka wake katikati ya ukumbi kwa mara ya kwanza tangu afiwe na mumewe. Na drams zikishakuwa kwenye flashi, mpiga besi naye anageuka mfungwa wake, mpiga solo hawezi kurefusha, mwimbaji hawezi kumtaja mtu aliyeingia mlangoni. Wote wanaikimbiza mashine. Mtu akitaka muziki wa namna hiyo, asikilize nyumbani kwenye simu yake, bure, na alale mapema. Sisi tunamtoza shilingi 10,000 kwa sababu tumemwahidi watu wanaopiga mbele yake. Bango letu lilisema dansi la vyombo kamili. Ningewaacha wapige, ningekuwa nimewaibia watu 126, na wengine wao walitoka Kihonda na Mkundi kwa bodaboda.

Mmoja wenu aliniambia wazi kwamba hata jina la jazz tunalitumia bila haki, kwa sababu hatupigi muziki wa New Orleans, sasa ya nini kushikilia tarumbeta? Namjibu hivi. Wazee wetu walilichukua neno hilo mapema. Dar es Salaam Jazz ilianza miaka ya 1930. Baadaye zikaja Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, na NUTA Jazz mwaka 1964. Hakuna hata mmoja wao aliyedai kupiga muziki wa Wamarekani. Walipiga rumba, cha-cha, na ngoma za kwao, kila bendi na mtindo wake, Saboso huku, Segere Matata kule, Msondo kwingine. Lakini ukisema jazz, kila mtu mjini alielewa kwamba kuna watu wanapuliza. Wenzetu wa Kongo zote mbili wameipeleka rumba yao UNESCO, ikaorodheshwa mwaka 2021. Sisi tunabishana kama mdomo wa bata, yaani saksafoni, unahitajika jukwaani.

Kuhusu madai kwamba sikushirikisha Kamati: katiba inampa Mwenyekiti mamlaka ya kuamua jambo la dharura na kulitolea taarifa katika kikao kinachofuata. Nilitoa taarifa siku tatu baadaye. Wajumbe watatu walitofautiana nami, na nawaheshimu. Lakini naomba pia isemwe kilichofuata, kwa maana hicho hakisemwi. Jumapili ya 20 Julai, sijalala vizuri, nilikwenda Kihonda kwenye harusi ya watu nisiowajua, kwa sababu nilisikia matarumbeta yakipita barabarani. Nilisimama juani saa mbili nzima hadi walipopumzika. Nikampata kijana wa miaka 23 anayepuliza tarumbeta ambaye hajawahi kukanyaga jukwaa la dansi. Kupitia yeye nikampata mwenzake. Mzee wa saksafoni, mstaafu wa bendi ya mojawapo ya majeshi ya usalama, nilimfuata nyumbani kwake mara nne. Alikuwa ameacha kupuliza kwa kukosa kile kijipande cha mwanzi cha kwenye mdomo wa chombo. Nilivinunua vitatu kwa fedha zangu. Kuanzia 26 Julai hadi 30 Agosti, bendi yoyote iliyokuja na upungufu wa wapulizaji ilipewa wetu. Maonesho sita mfululizo. Waliokuwepo 9 Agosti walimwona yule kijana wa Kihonda anavyowatazama wachezaji kabla ya kupuliza. Hakuna aliyemfundisha hilo.

Nije kwenye mahudhurio, na hapa nitasema kwa uchungu. Daftari lina wanachama 118. Tarehe 5 Julai ukumbini walikuwemo watu 38, na kati yao wanachama walikuwa tisa. Tisa! Tarehe 2 Agosti namwelewa kila mtu, Stars walikuwa wanafungua CHAN na Burkina Faso, hata mimi nilisikiliza kwa simu mlangoni. Lakini 5 Julai Stars hawakuwa na mechi. Wageni wanapanda treni kutoka Dar, mwanachama wa hapa hapa Mwembesongo anasema ni mbali. Mkutano wa nusu mwaka ulihudhuriwa na watu 17, tukalazimika kuahirisha ajenda mbili kwa kukosa akidi, halafu wale ambao hawakuja ndio waliolalamika kwamba mambo hayajadiliwi.

Ada ni shilingi 60,000 kwa mwaka, yaani 5,000 kwa mwezi. Wamelipa wanachama 41. Wanachama 77 hawajalipa, na hizo ni shilingi 4,620,000 zilizobaki mifukoni mwenu. Ninyi ndio mnaofika mlangoni mkisema mimi ni mwanachama na kuingia kwa 5,000 badala ya 10,000. Kijana wa mlangoni anaona aibu kumwomba mtu mzima risiti. Kuanzia mwaka ujao ataiomba, na nawasihi msimgombeze, nimemtuma mimi. Bendi nyingi za zamani tunazozisifu zilikuwa vilabu kama hiki chetu. Watu walichanga kidogo kidogo, wengine wakiwa makuli na makarani, wakanunua vyombo, na vyombo vikawa vya klabu. Sisi mpaka leo tunakodi hata kipaza sauti.

Kwa upande wa fedha, Mweka Hazina atajibu maswali. Kwa ufupi: mapato ni shilingi 14,730,000, ambapo kiingilio ni 9,870,000, ada 2,460,000, na michango ya wahisani 2,400,000. Matumizi ni shilingi 14,415,000: bendi 7,800,000, ukumbi 3,300,000, kukodi vyombo vya sauti 1,650,000, vibali na hakimiliki 690,000, matangazo, rambirambi na shajala 975,000. Bakaa ni shilingi 315,000. Bei za bendi zilipanda mwishoni mwa Agosti kampeni za uchaguzi mkuu zilipoanza, wanamuziki wakawa wanakodiwa kila upande, ndiyo maana bakaa ni ndogo kuliko tulivyotarajia. Fedha nilizotumia kwa safari na vile vijipande vya saksafoni sikuziandika na sizidai.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kununua vyombo vyetu vya kuanzia, kuwapa vijana nafasi ya kujifunza kupuliza, na kuendelea na mazungumzo ya kupata eneo la kudumu. Tukijaliwa, tutarekodi pia maonesho kadhaa. Kamati itakayochaguliwa italiona hilo.

Mwisho, nina ombi moja, na Katibu ameliingiza kwenye ajenda namba 6. Naomba suala la 19 Julai lipigiwe kura leo, kwa kura ya siri, na wapige wanachama waliolipa ada tu kama katiba inavyosema. Wengi wakisema nilikosea, nitairudishia klabu shilingi 625,000 kutoka mfukoni mwangu, kwa awamu tatu, ya kwanza kabla ya Krismasi. Wakisema sikukosea, naomba kipengele cha vyombo kamili kiandikwe kwenye kila mkataba wa msimu ujao, na kishika mkono kilipwe baada ya wapulizaji kuonekana ukumbini.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti
Morogoro, 4 Oktoba 2025