Tenisi si ya wenye nazo tu

Mhariri,

Naomba nafasi niwashukuru wanaojitolea katika klabu yetu ya tenisi mtaani. Jumamosi nilimwona binti wa miaka minane akihangaika na mpira mwekundu, ule laini unaokwenda polepole kwa takriban asilimia 75 kuliko wa kawaida. Mara ya nne akaupata, ukavuka wavu! Alirukaruka kama aliyetwaa kombe. Mipira hiyo, na kiwanja kifupi cha mita 11 hivi badala ya 23.77, ndiyo inayomfanya mtoto arudi wiki inayofuata. Raketi huazimwa papo hapo, wala hakuna anayeulizwa ni mtoto wa nani. Wazazi, waleteni vijana. Nanyi wenye raketi zilizolala kabatini, tafadhali zileteni.

Mzazi na msomaji wenu